Kisasi cha Voula: Mechi ya Ishirini na Mbili

Simu iliita mara nne, na mara zote nne jina kwenye kioo lilikuwa lile lile: Warwick Ashcombe.

Hapo ndipo nilipowakatia Jumamosi iliyopita, na barua zenu nimezipata, hasa ya yule mama wa mtaa wa Sunshine aliyeniita mchawi. Mama, shuka kwenye ungo, kaa chini, tunaendelea.

Apokee au asipokee?

Kwa aliyejiunga nasi leo: Voula Mantzaris ndiye msimamizi wa orodha ya wachezaji pale Gellibrand, klabu ya mpira wetu huu wa kushika kwa mikono na kupiga kwa miguu. Yeye ndiye anayeamua nani anasajiliwa, nani anaongezwa mkataba, nani anaambiwa asante kwaheri. Warwick ana cheo hicho hicho kule Toorong, klabu ya wenye nazo ng'ambo ya mto. Miaka kumi na moja iliyopita Voula alikuwa msaidizi wake. Siku ya mwisho ya uhamisho, Warwick akamwambia ampigie simu Dimitri, kaka yake Voula wa tumbo moja, aliyekuwa akichezea Toorong. Amwambie atulie, haendi popote.

Voula akapiga. Saa mbili baadaye Dimitri akasikia redioni kwamba ameuzwa Perth.

Tangu siku ile hajamsemesha dada yake. Hata Pasaka. Hata kwenye msiba wa mama yao.

Voula akapokea.

"Voula, mpenzi! Nilidhani umefariki."

"Ningefariki ungekuwa wa kwanza kuuliza nani anarithi kiti."

Warwick akacheka, kile kicheko cha mtu ambaye hajawahi kupanga foleni. "Muda hautoshi, mama. Saa kumi na mbili imeshapita, saa moja na nusu dirisha la usajili linafungwa. Nataka zamu yako ya tisa."

Zamu ya tisa! Mwezi ujao klabu zinachagua vijana wapya, klabu moja baada ya nyingine, zinazofungwa zikitangulia, na baada ya msimu wa kupigwa na kila aliyekuja, zamu hiyo ndiyo mali pekee iliyobaki Gellibrand.

"Unaitaka ya nini?"

"Ya Kade Rusconi. Adelaide hawamwachilii bila hiyo."

Kade Rusconi, mabao sabini na moja msimu mmoja. Mji mzima umekuwa ukimwimba tangu Septemba. Wanaosema anakwenda Toorong na wanaosema haendi nusura wapigane kwenye baa ya hapa kwetu, na mimi nilikuwepo, nikashika kiti.

"Na mimi napata nini?"

"Zamu yetu ya ishirini na sita. Na shukrani zangu."

"Shukrani zako nilishapewa zamani, Warwick. Mpaka leo zinaniwasha. Nipe dakika kumi nifikirie."

"Nakupa tano."

"Basi nitafikiria ishirini."

Akakata.

Mlango ukafunguka kabla simu haijatulia mezani. Alikuwa Bev Stoddart, mtunza jezi, miaka sabini na miwili, sahani ya pai za nyama mkononi na chupa ya sosi ya nyanya kwapani.

"Sikusikiliza," Bev akasema. "Mlango ulikuwa umefungwa, ndiyo maana ilibidi nisogee. Mwambie huyo mshenzi akajitupe mtoni!"

"Mto utamtapika, Mama Bev."

"Usimpe kitu, mwanangu. Hata salamu."

Hapo ndipo magurudumu yalipolia kule nje kwenye maegesho. Mlango wa gari ukapigwa. Hatua nzito zikapanda ngazi mbili mbili, na mtu akaingia ameinamisha kichwa ili asigonge fremu.

Alikuwa Fergus Tillotson. Mrukaji wa kati wa Toorong, yule anayeugombea mpira refa akiurusha juu, mita mbili na zaidi, umri miaka thelathini na mbili. Kaptura ya mazoezi ya Toorong, kandambili, bahasha ya kaki mkononi.

"Samahani, bosi. Sikupiga hodi."

"Ungepiga ungetuvunjia mlango," Bev akasema. "Kula pai."

"Sitaki pai." Macho yake yalikuwa mekundu. "Amenifukuza. Asubuhi ya leo. Siyo ofisini, bosi. Kwenye maegesho! Yeye ndani ya gari, mimi nimeinama dirishani kama muuza karanga."

"Warwick?"

"Nani mwingine? Mkataba wangu ni wa miaka miwili, na kuna kipengele. Nikicheza mechi ishirini na mbili ndani ya miaka hiyo, mwaka wa tatu unaongezeka wenyewe. Anasema nimecheza ishirini na moja. Moja, bosi! Moja! Julai nzima nilikuwa mzima kama dume la ng'ombe, wakaniweka nje. Kocha aliniambia mwenyewe, anaangalia viatu vyake. Akasema, 'Siyo mimi, Ferg. Ni huko juu.'"

"Wakala wako anasemaje?"

"Nilimfukuza Juni. Alikuwa anakunywa chai zaidi na Warwick kuliko na mimi."

Voula akamtazama. "Umekuja nikupe kazi?"

"Hapana," Fergus akasema. "Nimekuja unisaidie kumuumiza. Najua alichokufanyia."

Bev akaweka sahani chini taratibu, kama mtu aliyesikia wimbo anaoupenda.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Na ile ya Ballarat?"

"Ile haihesabiki, Mama Bev."

"Haihesabiki vipi? Mechi ya mwisho ya msimu, mlicheza na sisi! Nilikuwa kwenye benchi letu nashona kaptura ya mtu na yeye yumo ndani. Nilikuona kwa macho haya unaingia!"

"Nilikaa nje na fulana ya akiba robo zote nne za mechi," Fergus akasema, sasa anaongea na Voula. "Warwick alishamwonya kocha nisiguse nyasi. Zikabaki sekunde arobaini, beki wetu akagongwa kichwa. Daktari akasema huyo nje. Akigongwa kichwa ni lazima akiba aingie, kocha hana la kusema. Nikavua fulana, nikaingia. Nikakimbilia mpira, mpira ukakimbilia kwingine, king'ora kikalia. Basi."

"Warwick alikuwa wapi?"

"Ndani, anakula na baba yake Rusconi. Leo nimemkumbusha, akanicheka. Akasema asiyegusa mpira hajacheza. Akanionyesha karatasi ya takwimu ya klabu. Jina langu halimo."

Voula akasimama.

Karatasi ile! Aliijua kama anavyojua mwandiko wake, kwa sababu ni yeye aliyeitengeneza enzi zile za kumbebea Warwick mafaili. Mchezaji asiyegusa mpira hata mara moja jina lake linajiondoa, ili orodha yote iingie kwenye ukurasa mmoja. Warwick aliipenda karatasi hiyo kuliko watoto wake. Klabu nyingine zote zikitaka kuhesabu mechi hufungua kitabu cha ligi. Toorong wao hufungua karatasi yao, maana kule kwao kuuliza ni ushamba.

"Nipe mkataba," akasema.

Bahasha ikachanika. Voula akapitisha kidole kwenye mistari, akasimama ukurasa wa tatu.

"'Mechi ishirini na mbili, kwa hesabu ya ligi.' Ya ligi, Ferg! Siyo ya Warwick."

Akageukia kompyuta. Akafungua kitabu cha ligi. Akaandika jina na miaka ya mkataba.

Tillotson. Mechi: 22.

Fergus akakaa, na kiti kikalalamika.

"Una mkataba wa mwaka mzima," Voula akasema. "Umekuwa nao tangu Agosti."

Bev akafungua mdomo apige kigelegele, Voula akauziba kwa kiganja.

"Kimya, Mama Bev! Kimya kabisa. Hebu nisikilizeni."

Akachukua kalamu, akaandika nyuma ya bahasha. Klabu inaruhusiwa wachezaji arobaini na wanne, hakuna zaidi. Toorong bila Fergus wako arobaini na watatu. Rusconi akija, arobaini na wanne, nafasi zimejaa na mishahara imegusa kikomo cha ligi. Fergus akirudi, arobaini na watano. Nafasi hakuna, mishahara imepasua kikomo. Klabu inayopasua kikomo ligi huinyang'anya zamu zote zilizobaki mkononi mwake za kuchagua vijana, miaka miwili.

Na bodi ya Toorong ilikuwa inakutana kesho yake asubuhi kumpandisha Warwick awe mtendaji mkuu.

"Nimpigie sasa hivi?" Fergus akauliza. "Nimwambie mechi ni ishirini na mbili?"

"Mpigie. Atamwacha Rusconi, atakubakisha wewe, atasema ulikuwa utani. Kesho anakalia kiti cha ukubwa. Ndicho unachotaka?"

Fergus akaitoa simu mfukoni. Akaizima.

"Mpaka saa moja na nusu," Voula akasema, "hukucheza Ballarat."

"Na mimi sikumwona," Bev akasema. "Nilikuwa nashona kaptura."

Sasa hebu niwaulize nyie mnaojifanya wajanja. Ukitaka mtu anunue kamba ya kujinyongea, unampa bure? Humpi! Akipewa bure atanusa. Unampandishia bei mpaka aone wivu juu ya kamba.

Warwick akapiga saa kumi na mbili na nusu.

"Dakika zako ishirini zimekwisha."

"Nataka zamu yenu ya kwanza ya mwakani," Voula akasema.

"Umelewa?"

"Bado."

"Zamu ya kwanza ya Toorong, kwa zamu ya tisa ya Gellibrand? Voula, nyie mmefungwa na kila timu yenye miguu!"

"Ndiyo maana zamu yetu ni ya tisa na yenu ni ya kumi na saba. Chukua au acha."

"Naacha."

Simu ikakatwa.

"Atarudi," Voula akasema.

Hakurudi. Saa kumi na mbili na dakika hamsini Bev akaongeza sauti ya redio, na mtangazaji alikuwa anahema kama amekimbia yeye. Toorong wameacha kuzungumza na Gellibrand! Wamepata zamu ya kumi na moja kwa klabu nyingine! Rusconi anapimwa afya sasa hivi!

Fergus akashika kichwa. "Umemkaba sana, bosi."

Miaka kumi na moja Voula amengoja, na samaki amekata uzi kwa sababu ya tamaa yake ya kumwona akihangaika. Akatazama simu. Akaisogeza. Akairudisha pale pale.

Saa moja na dakika tano. Nje bado kuna mwanga, watoto wa mtaani wanapigiana mpira uwanjani kana kwamba hakuna linalotokea duniani.

Saa moja na dakika kumi na mbili, simu ikaita.

"Adelaide wameikataa ya kumi na moja," Warwick akasema. Sasa hakukuwa na "mpenzi" wala "mama". "Wanasema ya tisa au wanalala."

"Pole."

"Zamu ya kwanza ya mwakani ni yako. Nakuomba uandike haraka."

"Sikusikia vizuri."

"Nakuomba, Voula."

Bev akajifunika uso kwa aproni, mabega yakimtikisika.

Fomu ikaja kwa kompyuta. Voula akaweka sahihi yake saa moja na dakika kumi na nane. Ikabaki ya Warwick. Kwenye fomu za ligi, chini kabisa, kuna kiboksi ambacho kila msimamizi lazima akitie alama: kwamba ameihakiki orodha yake kwenye kitabu cha ligi, na iko ndani ya kikomo. Voula alikuwa bado na simu sikioni.

"Warwick, orodha yako umeihakiki? Isije ligi ikaturudishia fomu."

Hapo, msomaji wangu, alimfungulia mlango. Mimi ningenyamaza, naapa. Yeye akamfungulia mlango mzima, ili kesho asije akasema hakuonywa.

"Binti," Warwick akasema, "mimi orodha hii naijua tangu wewe unaniletea kahawa. Usinifundishe kazi."

Alama ikatua kwenye kiboksi. Sahihi ikafuata. Saa moja na dakika ishirini na sita ligi ikathibitisha: Kade Rusconi ni mchezaji wa Toorong.

Wakangoja. Dakika nne hizo Fergus alikula pai tatu bila kujua.

Saa moja na nusu kamili, dirisha likafungwa, na Voula akapiga simu yeye mwenyewe, sauti wazi ili wote wasikie.

Huko upande wa pili kulikuwa na sherehe. Vifijo, glasi, mtu anaimba wimbo wa klabu akiukosea sauti.

"Umepiga kunipongeza!" Warwick akapaza sauti. "Kumbe una roho nzuri!"

"Hongera. Kuna mtu anakusalimu. Fergus Tillotson. Yuko hapa kwangu, anatumalizia pai."

"Mwambie pole. Ndiyo mpira."

"Anasema asante kwa mkataba wa mwakani."

"Mkataba gani?"

"Ule wa mechi ishirini na mbili. Fungua kitabu cha ligi, Warwick. Siyo ile karatasi. Kitabu."

Vifijo vikaendelea nyuma ya Warwick. Voula alisikia kiti kikivutwa, kisha kibodi, kisha mlango ukifungwa na sherehe ikabaki nje.

"Hakugusa mpira," Warwick akasema.

"Ligi haihesabu mikono. Inahesabu miguu. Aliweka miguu uwanjani, mbele ya watu elfu kumi na moja, wewe ukiwa ndani unakata nyama na baba yake Rusconi."

"Voula."

"Mko arobaini na watano. Mishahara imepasua kikomo. Na kiboksi umekitia alama mwenyewe, nikiwa nakuuliza kama umehakiki."

"Ulikuwa unajua."

"Tangu kabla hujaniomba."

"Tuifute. Nitakurudishia ya tisa. Nitakupa chochote!"

"Dirisha limefungwa. Mpigie mkeo, umwambie atulie, hakuna kitakachowapata. Halafu mpe saa mbili asikie redioni, uone anavyokuangalia ukirudi nyumbani."

Ah! Jamani! Fergus alisimama akapiga ukuta kiganja, picha ya timu ya mwaka wa ubingwa ikaanguka. Bev analia na kucheka. Voula mwenyewe alihisi kitu kikimtoka kifuani, kitu alichokibeba miaka kumi na moja mpaka akadhani ni mfupa wake. Akataka kumpigia Dimitri saa ile ile.

Lakini Warwick hakuwa amekata simu.

"Arobaini na watano," akasema polepole. Sauti ilikuwa imebadilika. Imetulia, na ilipotulia ilitisha kuliko ilipopiga kelele. "Kwa hiyo mmoja lazima atoke. Ligi inataka orodha yangu saa mbili kamili."

"Hilo ni lako."

"La kwangu? Mimi nimekwisha, Voula. Mishahara imepasua, na bodi itanila kesho asubuhi. Lakini mpaka kesho asubuhi kalamu ninayo." Akavuta pumzi. "Nilidhani kwangu hukujifunza kitu. Kumbe ulijifunza vizuri sana."

Akakata.

"Anapiga domo," Fergus akasema. "Kashikwa pabaya."

"Kashikwa pabaya," Bev akaitikia, tayari anatafuta chupa kwenye kabati la jezi.

Voula alikuwa anaangalia bahasha. Arobaini na tatu. Arobaini na nne. Arobaini na tano. Jioni nzima alihesabu tarakimu hizo kwa furaha, na hata mara moja hakujiuliza, ile ya mwisho ikizidi, inamwangukia nani.

Saa moja na dakika hamsini simu ikaita. Namba asiyoijua. Akapokea, sauti bado wazi.

"Bi Mantzaris?" Sauti ya kiume, ya adabu, inayojikaza. "Samahani kukusumbua. Naitwa Eamon Vella. Mimi ni beki wa Toorong. Nilikuwa."

Fergus aliposikia jina, mkono wake ukasimama hewani na glasi. "Eamon?" akanong'ona. "Eamon hana goti, bosi. Lilikatika Agosti."

"Nakusikiliza, Eamon," Voula akasema.

"Mzee Warwick amenifuta kwenye orodha sasa hivi. Nilikuwa nimebakiwa na mwaka mmoja. Nimemuuliza nimekosa nini, amesema sijakosa kitu, akanipa namba yako. Amesema wewe ndiye uliyepiga hesabu."

Voula akashika ukingo wa meza.

"Siyo ugomvi, mama. Mshahara watanilipa, najua. Lakini nafanyiwa upasuaji Alhamisi. Daktari ni wa klabu, kila kitu ni cha klabu. Nimepiga simu hospitali, wameniambia jina langu likitoka kwenye orodha na kitanda kimeondoka. Na klabu nyingine haiwezi kumchukua mtu ambaye goti lake limekatika hivi."

Nyuma yake sauti ya mwanamke ikauliza kitu. Eamon akaziba simu, kisha akarudi.

"Ni mke wangu," akasema. "Anauliza nani amenifukuza, ni Warwick au ni wewe. Nimwambie nani?"